Nilivyomzima Walii Katikati ya Nikahi

Naona haya kulisimulia hili, lakini bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia Msambweni, maana kule limeshatiwa chumvi mpaka inasemekana nilimzima ami yangu kwa makusudi ili tule halwa mapema. Si kweli. Halwa yenyewe siku ile sikuigusa.

Mimi nafanya kazi katika kampuni ndogo ya intaneti pale Ukunda, tunahudumia hoteli za Diani na nyumba za huku kusini. Zamani kila kazi ilikuwa na kisanduku chake cha chuma, hiki kinaelekeza njia, hiki kinazuia wezi wa mtandaoni, hiki kinapitisha simu za picha, na kimoja kikiungua ndiyo safari ya Mombasa kutafuta kingine. Mwaka huu tukaamua visanduku vyote viwe programu tu, zikae ndani ya kompyuta tatu kubwa, na mimi ndiye niliyepewa kuandika maelezo ya mtambo huo uweje ili usizimike hata siku moja. Niliandika kwa mbwembwe (nilikuwa najisomea kwa sauti, mke wangu shahidi) kwamba kila programu iwe na pacha wake anayesubiri, mmoja akianguka mwenzake ashike kazi kabla anayezungumza hajahisi kitu. Ulipokuja tukaujaribu ofisini, tukaiua programu moja, pacha wake akadaka, na tangu hapo mimi nikawa sishikiki.

Ikaja harusi ya Mwanasiti, binti ya ami yangu. Baba yake, Ami Nassoro, ni mpishi Maskati na hakupata likizo, naye ndiye walii, mwenye haki ya kumuoza. Desturi yetu walii akiwa mbali humuwakilisha mtu, yaani humpa idhini aoze kwa niaba yake, na ndugu yake, Ami Hamadi, alikuwepo, kanzu imeshapigwa pasi. Lakini Ami Nassoro ana binti mmoja tu, na alitamani amuoze kwa ulimi wake mwenyewe. Alikuwa akiniambia kwamba yale maneno anayarudia kila siku akikata vitunguu. Huko aliko simu za picha za kawaida zinamsumbua, basi nikamtengenezea njia ipitie kwenye mtambo wetu, na shehe akakubali kwa sharti kwamba amuone walii uso wake na asikie maneno yote bila kukatika.

"Na tusimwambie Nassoro amuwakilishe Hamadi kabisa, awe wa akiba?" shehe akaniuliza.

"Hakuna haja, shehe. Mtambo ule hauzimiki. Ami Hamadi apumzike."

(Mtu niliyeandika kurasa nzima kwamba kila kitu kiwe na pacha, nimeletewa pacha aliye hai, amevaa na kanzu, nikamwambia apumzike.)

Siku yenyewe ikafika. Turubai limefungwa, televisheni iko juu ya meza barazani, wanaume tumekaa mikekani, wanawake wako ndani wamejazana mlangoni. Ami Nassoro akatokea kwenye kioo na kofia yake ya vito, kanzu ameivaa juu ya nguo za kazi, nyuma yake masufuria, maana alikuwa amepewa ruhusa fupi tu. Picha safi mpaka jasho la kipajini unaliona. Watu wakasema mashaallah, nami nikatikisa kichwa kama kwamba ami yangu nimemuumba mimi.

Pembeni yangu alikaa Bwana Mutua, meneja wa hoteli moja ya Diani, ambaye nilimualika mwenyewe kwa kuwa kampuni yetu ilikuwa inamtaka sana awe mteja. Akaniinamia sikioni. "Boss, na mashine moja ikikufa saa hii, itakuwaje?"

Sasa mimi nina maradhi ya kutaka kujua, na ukiniuliza "itakuwaje" basi umeninyima usingizi. Ofisini tulikuwa tumeua programu moja moja, lakini mashine nzima hatujawahi kuizima hata mara moja, na swali la Mutua likanikereketa kwelikweli, hivi itakuwaje? Shehe ndiyo kwanza anaanza hotuba, na hotuba zake nazijua, mtu anaweza kwenda Kombani akarudi akamkuta palepale. Nikamwandikia Rehema, mwenzangu aliyebaki ofisini, azime mashine ya pili kwa dakika moja tu. Akanijibu, "Una hakika? Si ndiyo mnaoza saa hizi?" Nikamwandikia, "Hakuna atakayehisi. Zima."

Kumbe Rehema alikuwa anakula. Akamaliza chakula chake, akanawa, ndipo akainuka. Kumbe na shehe naye, kwa kumuonea huruma Ami Nassoro na ruhusa yake fupi, akaikata hotuba (jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue). Mimi nikawa naitazama ile picha imetulia, nikadhani mashine imeshazimwa zamani, nikamnong'oneza Mutua, "Unaona? Imekufa na wewe hujahisi kitu." Mutua akanitazama kwa heshima.

Bwana harusi akaambiwa asogee. Ami Nassoro akakohoa, akakaza macho, akasema, "Ewe Athumani bin Omari, nimekuoza binti yangu..."

Akaganda hapo, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Kisha kioo kikawa cheusi.

Athumani alikuwa ameshafungua mdomo wa kukubali, akawa hajui aufunge ama auache. Shehe akawageukia mashahidi. "Jina la binti mmelisikia?" Wakasema hapana. "Mahari je?" Hapana. "Basi bado hatujaoza." Ndani nikamsikia shangazi akiuliza ni nani aliyemzima Nassoro, na saa hiyohiyo simu yangu ikalia, na kwa kuchanganyikiwa nikabonyeza spika, na baraza zima likamsikia Rehema akisema, "Haya, nimeizima kama ulivyosema. Vipi, hawajahisi?"

Jamani, niliomba ule mkeka unimeze. Nikamwambia awashe, akawasha, lakini mashine zile haziwaki kama taa, huamka kama mtu aliyelala mchana. Mutua akasema taratibu, "Sawa, sasa nimejua itakuwaje."

Tukampigia Ami Nassoro kwa simu ya kawaida, ikakataa, ikakataa, ikaja kupatikana wakati msimamizi wake anamwita kazini. Shehe akasema kuoza kwa sauti tupu ya mtu asiyemuona hakubali, ila sauti ile ndugu zake wanaijua, basi amuwakilishe Hamadi iishe. Ami Nassoro akasema kwa haraka, "Hamadi, nimekuwakilisha uniozee mwanangu," simu ikakatwa. Ami Hamadi, niliyemwambia apumzike, akakaa mbele, akaulizia jina la baba yake bwana harusi, akaoza. Vigelegele vikapigwa. Mwanasiti nilimuona baadaye, hina mikononi na macho mekundu, akaniamkia vizuri kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko kusutwa.

Kesho yake mimi na Rehema tukachungulia ndani ya mtambo. Naomba radhi kulisema, lakini katikati ya aibu ile nilikuwa na hamu ya kujua kama mtoto. Ni kwamba mtambo wenyewe ndio huchagua programu ikae mashine ipi, na kwa vile mashine ya pili ilikuwa na nafasi, ile programu ya simu za picha na pacha wake wote wawili uliwalaza humo. Katika kurasa zangu zote sikuandika popote kwamba mapacha wasilale kitanda kimoja. Nilidhani linaeleweka. Rehema akaniambia, "Mashine haielewi, huambiwa," nikaliongeza sharti hilo palepale.

Jioni Ami Nassoro akapiga. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Mwanangu, hebu niambie, mlinisikia mpaka wapi?"

Kumbe kule kwake kioo kilibaki na picha yetu imeganda, naye akadhani tumetulia tunamsikiliza. Aliendelea mpaka mwisho, jina la mwanawe, mahari, na dua aliyoitunga mwenyewe, wapishi wenzake wakamshika mkono wa heri.

"Mpaka 'binti yangu', Ami."

Kisha akaniuliza kama pilau liliwatosha wageni.

Siku hizi mitambo naijaribu alfajiri, hakuna anayeitumia, na mtu akiwa na neno la kusema mara moja tu maishani mwake, mimi sigusi hata swichi ya taa.