Jiko Chumbani kwa Mzazi

Nilipokuwa kidato cha tatu pale Kibiti, mwalimu wa kemia aliniita ubaoni niandike jina la CO. Nikaandika kaboni oksaidi.

"Oksijeni ngapi?" akauliza.

Akasema kwamba kwenye bondi za ioniki, kama za chumvi, hatutaji idadi, lakini kwenye kovalenti, atomi zinapochangia elektroni, lazima tuhesabu: mono ni moja, dai ni mbili. "Daioksaidi unaitoa puani sasa hivi. Monoksaidi hutoka kwenye mkaa uliokosa hewa, inaua, na haina harufu." Chembe za chumvi, akaeleza, zimeng'ang'aniana, ndiyo maana hujaiona chumvi ikipaa. Molekuli ndogo za kovalenti hazishikani sana, kwa hiyo nyingi ni gesi. Niliyanakili kwa aibu tu.

Likizo ya masika nikarudi kwetu Salale. Dada yangu alikuwa mzazi wa siku tisa. Bibi alimwekea jiko la mkaa uvunguni mwa kitanda asipigwe na baridi, na kwa kuwa mvua ilikuwa ikiingia dirishani, mama aliliziba dirisha kwa turubai. Adhuhuri nikampelekea uji.

"Kichwa kinaniuma," dada akasema, macho kafumba. "Na mtoto hataki ziwa."

Nikamuuliza tangu lini. Hakujibu. Nikamnyanyua mtoto; shingo ililegea kama ya kuku aliyechinjwa. Nilivuta pumzi nikanusa. Hapakuwa na harufu ila ya uji.

Nikatoka mbio na mtoto. Bibi akanizuia barazani.

"Unampeleka wapi kwenye baridi?"

"Bibi, humo ndani mna sumu."

"Sumu? Nani katia sumu nyumbani kwangu?"

"Mkaa, bibi. Mkaa ukikosa hewa."

Nikamtia mtoto mikononi mwake, nikarudi ndani, nikang'oa turubai, nikamkokota dada kwa makwapa hadi nje. Akatapika. Mtoto alikuwa kimya. Nilimtazama kifua, na kila kilipotulia niliona kimetulia moja kwa moja. Mama alikuwa akimwita jirani mwenye boti atupeleke zahanati, ndipo mtoto akalia, sauti nyembamba kama ya paka.

Zahanati waliwaweka hadi kesho yake, wakarudi wazima.

Bibi hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta anapepeta mchele, akaniambia nikae.

"Mimi nilizaa tisa," akasema. "Wote niliwaotesha moto hivyohivyo. Wawili walikufa ndani ya arobaini, wakati wa mvua. Watu walisema degedege."

Akaendelea kupepeta.

"Ndiyo hiyo sumu?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua, au nilidhani najua, na niliogopa kumtazama usoni.