Sungura wa Mwisho kwenye Njia ya Kabambare

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikushika hata ufunguo mmoja wa kufungulia boliti. Shefu wa garaji, mzee mfupi wa Nyangwe mwenye sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka ng'ambo ya mto, alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akaniuliza kama naogopa mwendo wa gari. Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba siogopi. Akasema, "Basi haufai. Hapa nataka mutu mwenye kuogopa. Enda nyumbani, ufikiri, urudi kesho." Kesho yake nikarudi, nikamwambia naogopa sana. Akanipa kitambaa na ndoo ya mazuti, yaani dizeli, nikaanza kuosha vyuma. Ndivyo nilivyoingia katika ufundi wa magari hapa Kasongo, zamani zile za Zaire.

Ninyi mliokulia mgongoni mwa pikipiki hamkuviona vile vigari tulivyoviita Sungura, ila mmesikia wakubwa wenu wakivisifia, na kila mara mnaniuliza kwa uchungu vilikwenda wapi. Nitawaeleza, lakini msitegemee kwamba nitavililia.

Sungura ilikuwa gari fupi, nyuma hakuna sanduku la mizigo bali mlango unaofunguka kwenda juu, na mbele injini kali kuliko umbo lake. Ilikuwa rahisi kununua kwa sababu huko Ulaya wenyewe walikuwa wamekwisha kuichosha. Ilikuja kwa treni, ikavushwa mto kwa baki, ile pantoni ya kubebea magari, ikaingia mjini ikitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Waalimu walinunua zile za polepole. Wafanyabiashara wa dhahabu wa Salamabila walitaka zile zenye karbureta mbili, yaani vile vyombo vinavyochanganya petroli na hewa vilikuwa viwili badala ya kimoja, kwa hiyo injini ilikunywa kama mlevi na kuruka kama jina lake. Kulikuwa na wakati huwezi kuvuka barabara ya sokoni bila Sungura kukupigia honi. Bwana harusi asiye na Sungura alionekana hajajiandaa vizuri.

Tatizo ni kwamba gari hiyo iliumbwa kwa lami, na sisi lami tuliisikia tu. Tumbo lake lilikuwa chini mno. Kufika Lusangi tu, tayari lilikuwa limekwangua mawe yote ya njiani. Hapo ndipo sisi mafundi wa Kasongo tulipofanya kosa ambalo nadhani halikufanywa mahali pengine. Tuliinua gari. Tulichonga vipande vya mti mgumu, tukavipachika juu ya resori, zile springi za chuma zinazobeba uzito, hata gari ikasimama juu kama inachungulia ukuta. Wateja walifurahi. Lakini gari nyepesi, yenye nguvu nyingi, ukiiinua miguu, inapoteza utulivu kwenye kona. Shefu wetu aliona mapema. Mteja alipomsihi, "Shefu, juu kidogo tu," alimjibu, "Sungura ukimupa miguu ya mbuzi, ataangukia pua." Mteja akaenda garaji ya jirani, akainuliwa gari huko, na baada ya muda mfupi tukaenda kuitoa mtaroni, magurudumu yakitazama mbingu. Yeye alitoka salama, ila kofia yake hatukuiona tena.

Jambo la pili lilikuwa freni. Freni za Sungura zinasukumwa na mafuta maalumu, na mafuta hayo yalikuwa adimu kuliko dhahabu. Madereva wakabuni dawa yao, maji ya sabuni. Kwenye tambarare maji ya sabuni hufanya kazi vizuri, unakanyaga, gari inasimama, unajiona mjanja. Lakini kwenye mteremko mrefu chuma kinapata moto, maji yanachemka, na maji yakichemka ndani ya freni unakanyaga hewa. Na njia ya Kabambare ina mteremko mmoja mrefu wenye kona katikati na mto chini. Abiria waliuita Tuombe. Gari ikifika juu yake, Mkristo na Mwislamu wote walinyamaza, kila mmoja akizungumza na Mungu wake kwa lugha yake.

Kwa ajili ya mteremko huo shefu alikuwa na sheria moja, na hakukuwa na nyingine kubwa kuliko hiyo. Alisema, "Mutu mwenye kugusa freni, ni yeye anashuka na gari." Maana yake, fundi akimaliza kutengeneza freni, hairudishi gari kwa mwenyewe mpaka akae mbele, kando ya dereva, washuke Tuombe wawili peke yao, bila abiria wala mzigo. Mara yangu ya kwanza kushuka, nilikuwa nimefunga kila kitu vizuri, lakini tulipoanza kuteremka nilikumbuka kila boliti niliyoikaza na kila ambayo sikukumbuka kama nimeikaza. Tulipofika mtoni, miguu yangu ilitetemeka hata nikashindwa kutoka. Shefu alikuwa ametangulia kwa baiskeli kutungojea. Akachungulia dirishani, akacheka. "Sasa umejua freni ni kitu gani," akaniambia. Tangu siku hiyo sikuweza kufunga boliti nikiwaza jambo jingine.

Baadaye nilihamishiwa Salamabila, kwenye kampuni moja ya dhahabu, chini ya mkuu wa magari, mtu mrefu, mpole, anayevaa soksi nyeupe katika nchi ya matope. Mafundi wa pale walinicheka na sheria yangu. Mkuu mwenyewe aliniita ofisini, akasema, "Fundi, weye unapoteza saa. Gari tano zinangojea, weye unaenda kutembea mulimani."

Nikamwambia, "Shefu, napoteza saa, sipotezi watu."

Hakukasirika. Alivua soksi zake nyeupe, akazikunja, akaingia nyuma ya gari niliyokuwa nimeitengeneza. Tukashuka kilima cha pale mpaka bondeni. Tuliporudi akavaa tena soksi zake, na kesho yake mafundi wote walikuta amri kwamba kila mtu atashuka na freni zake. Wakaninunia wiki nzima. Nami sikuwalaumu, maana hakuna anayependa kupewa woga kama sehemu ya kazi.

Kisha kampuni ikafunga milango, vita vikapita na kurudi na kupita, nami nikarudi Kasongo nikafungua garaji ndogo uani kwangu. Treni ikawa hadithi. Vipuri vikaacha kuja. Barabara ikageuka mfereji, na kwenye mfereji pikipiki ni mfalme, hubeba mgonjwa, mfuko wa mchele, nguruwe aliyefungwa miguu, na mwalimu akisahihisha kazi za wanafunzi. Sungura zikaanza kuondoka moja moja. Moja ikawa nyumba ya kuku. Viti vya nyingine vikahamia kwenye kilabu cha pombe, watu wakawa wanakunywa wamefunga mikanda kwa mzaha. Mwishowe ikabaki moja tu kwenye njia yote ya Kabambare, na hiyo ilikuwa ya Saidi.

Saidi ni ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha. Gari yake ilikuwa nyekundu hapo zamani, ila siku hizo rangi yake hata polisi asingeweza kuitaja. Alipeleka kina mama wafanyabiashara Kabambare, akarudi na wagonjwa, na kila mahali aliitwa Dereva, bila jina jingine. Watoto walikimbia nyuma yake. Alipenda jina hilo kuliko chakula.

Mimi kila alipoondoka nilibaki na moyo mkononi. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu, nimeizibia kwa bati la nyumba. Mpira wa silinda kuu, ile pampu inayosukuma mafuta ya freni, niliuchonga mwenyewe kutoka kwenye tyubu ya tairi. Unaweza kuchonga mpira mara ngapi kabla haujakusaliti? Swali hilo nililala nalo na kuamka nalo. Nikisikia pikipiki inakuja mbio kutoka upande wa Kabambare, nilisimama mlangoni kungoja kama italeta habari. Inapopita tu, nilikaa tena. Mke wangu aliniambia nitakufa kwa kusimama na kukaa.

Mtauliza, si ungekataa tu kuitengeneza? Nilifikiri hivyo mara nyingi. Lakini ningekataa, Saidi angekwenda kwa fundi wa pikipiki, akamimina maji ya sabuni, na siku hiyo hiyo ningeitwa mtoni. Zaidi ya hayo, ni nani awezaye kumwambia ndugu yake, leta jina lako nilivunjevunje? Kwa hiyo nilitengeneza, na kila nilipogusa freni nilishuka naye Tuombe, magoti yangu mabovu yakigonga dashibodi, naye Saidi akiachia gari iteremke huku akiimba. Niliuchukia wimbo ule.

Siku ya mwisho ilikuja baada ya mvua kubwa za mwaka mmoja si wa mbali. Saidi alifika asubuhi, pedali ya freni ikizama mpaka sakafuni. Nilichonga mpira mwingine kutoka kipande cha mwisho kilichokuwa kizuri, nikaufunga, nikachukua fimbo yangu, tukaenda Tuombe. Juu ya mteremko akasimamisha gari. Nilingoja wimbo. Badala yake akaweka vitesi ya kwanza, gia ile yenye nguvu na isiyo na mbio, akaanza kushuka kama anabeba mayai. Pikipiki zilitupita. Kisha mama mmoja mwenye kikapu cha muhogo kichwani akatupita kwa miguu, akatusalimu kwa heshima, akatuacha nyuma. Katika ufundi wangu wote sikuwahi kuona Sungura ikipitwa na muhogo.

Tulifika chini. Saidi akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "miye naogopa huu mulima."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ile kuimba, ni woga inaimba."

Nikamtazama. "Sasa kwa nini haukusema?"

"Ningesema namna gani? Ni hii gari moja tu inabakia kwa garaji yako. Nikiiacha, yaya atatengeneza nini? Nilisema utakaa bure, utazeeka mbio, utakufa. Basi nikaendelea tu."

Nikamwambia, "Saidi, miye naichukia hii gari. Nilikuwa naitengeneza kusudi weye usipoteze jina. Kila siku nasimama mulangoni nikingojea maiti yako."

Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka hata machozi, na baadaye sikujua tena yapi yalikuwa ya kicheko. Kijana mmoja wa pikipiki akasimama kutuuliza kama tuko wagonjwa. Saidi akamjibu, "Hapana, tumepona sasa hivi." Nami nilisikia kifuani kama mtu amefungua dirisha la nyumba iliyofungwa siku nyingi. Tulipanda mlima kurudi mjini polepole, na kupanda hakuhitaji freni.

Tuliivunja gari hiyo pamoja, uani kwangu, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa, kila boliti kwenye kopo lake. Shefu wangu wa Nyangwe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sisi tulipata bahati ya kusimama kabla ya ukingo. Bodi tuliwapa wahunzi. Injini ilikuwa bado nzima, kwa hiyo tukaitengea kibanda karibu na soko, tukaiunganisha kwa mkanda na kinu cha kusagia muhogo na mahindi. Saidi ndiye anayeiendesha, na mke wake Mwavita ndiye anayepanga foleni, na si foleni ya mchezo. Kina mama bado wanamwita Dereva. Nilichokuwa nimekiogopa miaka yote, kwamba atapoteza jina, hakikutokea hata siku moja.

Mimi sasa nimestaafu kweli. Mafundi wa pikipiki huja kuniuliza hili na lile, maana kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nawaambia jambo moja tu, kama nilivyoambiwa: ukigusa freni ya mtu, panda naye, shuka naye, kisha ndipo umpe. Baadhi wanacheka. Wengine wanarudi kesho yake na kuniambia kwamba miguu ilitetemeka, na hao ndio ninaowafundisha zaidi. Mnaolilia Sungura nawaacha mlie, ila msinitake nisaidie.

Kibanda cha kinu hakiko mbali na kwangu. Alasiri muhogo ukiwa mwingi, Saidi huongeza petroli, na injini hulia kwa nguvu kama ilivyokuwa ikilia juu ya Tuombe. Mpaka leo mkono wangu hutafuta mahali pa kushika. Kisha nakumbuka kwamba injini ile imefungwa kwenye saruji, haiteremki popote, na ndani yake hakuna mtu.