Tripleti za Marthe

Marthe alikuwa mpiga ngoma wa kanisa lao katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu alipofika kutoka Fizi, Kongo. Hakuna aliyemfundisha. Kisha akaugua kifua kikuu. Sindano zilimponya, lakini zikamharibu masikio. Zilianza kupotea sauti za ndege, halafu za soprano, halafu maneno ya binti yake, Chantal. Daktari wa kliniki ya mjini Mbarara alisema masikio hayatapona.

Siku hiyohiyo, yeye na Chantal walipopita mtaa wa Nyamitanga, mjini humo, waliona kwaya ikifanya mazoezi, kila mtu na karatasi ya noti mkononi.

"Bale banasoma muziki?" Marthe aliuliza. "Basi, masikio ikikufa, macho itabakia."

Mwalimu wa kwaya ile, Naboth, mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi, alikubali kumfundisha kila Marthe alipokuja kliniki. Noti za kawaida alizishika upesi. Tripleti zilimtesa: noti tatu zilizofungwa pamoja, zenye namba 3 juu, zienee sawasawa ndani ya pigo moja. Mikono yake ilizijua tangu utotoni, lakini akizisoma, mbili za kwanza zilikimbia na ya tatu ikajikokota.

"Mama, wacha haraka," Naboth alimpigia kelele sikioni. "Hesabu. Mo-ja-na. Mbi-li-na." Akamgongea mgongoni kwa vidole mpaka mwili ukaelewa.

Kufika Pasaka aliweza kusoma ukurasa mzima bila kosa. Wakati huo hakusikia tena chochote.

Siku ya ibada ya Pasaka, kanisani kwao Nakivale, alikazia macho karatasi, akihesabu. Waimbaji walichangamka, wakaongeza kasi kama kawaida yao. Hakujua. Wimbo ukaisha, ngoma ikaendelea peke yake katikati ya kimya, watu wakageuka kumtazama. Chantal akasogea, akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma.

"Nilikosea fasi gani?" Marthe aliuliza, kwa sauti kubwa mno.

Chantal alitikisa kichwa. Hakuwa amekosea popote.

Ngoma akapewa Bienfait, kijana wa kwaya. Naboth alituma karatasi za nyimbo mpya na ujumbe kwamba Marthe arudi waendelee. Chantal alipomwonyesha, Marthe alizisoma zote, midomo ikichezacheza, kisha akamrudishia.

"Naweza soma," alisema. "Lakini namusomea nani?"

Siku hizi, Jumapili, kwaya ikisimama kuimba yeye hutoka, huenda shambani kupalilia maharagwe.