Mkeka wa Mlangoni

Asubuhi moja ya baridi ya Julai imenikaa kichwani hadi leo, mwanangu, na nakuandikia habari yake kabla sijaanza kujiuliza kama inafaa kuandikwa.

Nilikuwa kijana, nimetoka Tanga kuja huku kusini, nimepanga chumba mtaa wa Berea, nauza vitambaa dukani Marshalltown, katikati ya jiji. Juu ya duka letu mzee mmoja wa Kihindi, Mwalimu Kantilal, alifundisha yoga. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kubeba majora, ndiyo nikapanda ngazi zile. Nikanogewa, nikakaa miaka. Wakati huo Ulaya walikuwa wanaitafuta yoga kwa hamu, na watu wa London wakamwomba mzee awapelekee mwalimu. Angemtuma mmoja wetu. Nilitaka niwe mimi, nilitaka mpaka chakula hakishuki.

Basi mzee akanipangia mkeka wa mlangoni kabisa. Nomsa, binti wa Soweto aliyeanza baada yangu, akapewa wa mbele. Mimi nimekulia msikitini, ambako safu ya mbele ndiyo wanaume wanaigombea. Nikaona nimetupwa. Kila aliyechelewa nimwonyeshe pa kuweka viatu, nimsogezee nafasi, huku namtazama Nomsa. Mgongo wake ulinyooka kuliko wangu, lazima niseme kweli. Nikauchukia hata huo mgongo.

Asubuhi ile ya Julai nikamwomba tubadilishane.

"Bhuti, kaka yangu, unaniachia baridi yote hii?" akacheka. "Haya, sharp. Ila ukishazoea ufalme huko mbele usinisahau."

Mzee alituona, akaanza somo kama kawaida. Miezi ikapita, akamtangaza Nomsa kuwa ndiye wa London.

Eish, mwanangu. Wenzangu walipoondoka nikabaki, nikamuuliza mzee nimekosa nini. Akanieleza kwamba kule India guru wake, yaani mwalimu wake, alimweka mlangoni yule aliyemkusudia awe mwalimu, apate kuwazoea wanaoingia kwa aibu na miili migumu.

"Nilikuweka wewe pale," akasema. "Uliondoka mwenyewe."

"Si ungeniambia, Mwalimu."

"Ningekuambia, ungewapokea kwa ajili yangu, si kwa ajili yao."

Kisha akakaa chini, akaniambia nisilolitegemea. Mwenzake aliyefunzwa naye alitumwa Amerika, akapata kumbi kubwa na watu wa kumgusa miguu kwa heshima, na yeye akaishia juu ya duka la vitambaa. "Nilimwonea wivu miaka mingi. Nilifundisha nikimfikiria yeye, na waliokuwa mbele yangu sikuwaona."

Sijui kama nilimwelewa siku ile. Labda hata sasa nimeelewa nusu. Nomsa ana ukumbi wake London, namwona kwenye simu akiwafundisha Waingereza, na bado kitu kinanichoma hapa kifuani. Lakini nisimdhulumu. Wiki ya kwanza tu pale mlangoni alimtandikia blanketi lake mama mmoja aliyechelewa, yeye akatetemeka mpaka mwisho. Mimi nisingefanya hivyo. Huenda hata ningebaki mlangoni nisingechaguliwa.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulirudi kutoka kazini Braamfontein umenuna, mwenzako kapandishwa cheo. Nikajiona mimi mwenyewe ndani yako. Sikiliza basi. Wivu ukija, usijisumbue kuukana, utakuja tu. Ila usiache ulipowekwa ukakimbilia pale mwenzako anapotazamwa. Angalia kwanza ni nani anaingia karibu na wewe, anahitaji nini, umpe. Na huyo mwenzako mpe hongera kesho, hata kama mdomo mzito. Mimi Nomsa nilimwacha aondoke bila kumuaga, na kila Idi ni yeye anayeanza kunisalimu.

Mungu akupe nafasi yako, mwanangu, na akupe macho ya kuitambua hata ikiwa penye baridi. Na akikuletea mtu aliyechelewa, mtu huyo akukute upo. Amina.