Shukrani Yangu kwa Kidachi

Hata leo nikikumbuka natafuta pa kuficha uso, lakini mmeniuliza, basi nitasema. Ilikuwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, nami nasoma shule ya misheni huku juu Meru, na katika mbio za kutoka shuleni hadi mto Themi na kurudi nilikuwa nimewashinda wote (kichwa kikavimba, siwafichi), ndipo tukaitwa bomani kupewa heshima, sisi wakimbiaji, na Mwalimu Elifasi aliyetufunza, na Mama Rebeka aliyetupikia.

Mwalimu aliniagiza nikishapokea blanketi langu la zawadi niseme asante kwa Kiswahili, nikae. Mimi nikaona Kiswahili kila mtu anacho. Nilikuwa nikipeleka maziwa bomani, na kila gwaride likiisha nilimsikia bwana mkubwa wa Kidachi akitamka neno moja refu, askari wote wanaondoka wamefurahi, nikajua hiyo ndiyo asanteni sana.

Nikapokea blanketi, nikavuta pumzi, nikalitamka kwa sauti kama yake hasa.

Kumbe ndilo neno la kuwaruhusu askari waende zao. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, wala hawakugeuka kuangalia nani kasema. Wakatawanyika moja kwa moja hadi kwenye vyungu vya ndizi na nyama alivyotuandalia Mama Rebeka, na wageni kuona askari wanakula wakadhani shughuli imekwisha, nao wakafuata. Mwalimu alikuwa hajaitwa bado kupewa zawadi yake. Mama wa watu naye hajaitwa.

Bwana mkubwa akauliza, taratibu, nani amenifundisha neno lile. Kiboko kilikuwa pale mezani. Mwalimu Elifasi akasogea mbele.

"Ni mwanafunzi wangu, bwana mkubwa," akasema. "Kosa lake ni langu."

Yule Mdachi akamtazama kitambo, akanitazama mimi, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akawaita askari warudi (wakarudi wanalamba vidole), akamfunika Mwalimu blanketi kwa mikono yake mwenyewe, na Mama Rebeka akapewa doti ya kanga, akaipokea huku akinikata jicho kwa sababu ya vyungu vitupu.

Tulipanda mlima na njaa, lakini tunaimba. Njiani nikamwomba Mwalimu radhi. Akasema miguu yangu ameifundisha, ulimi bado.

Tangu siku ile neno nisilojua maana yake silitamki mbele za watu, hata liwe tamu namna gani. Nashukuru kwa lugha ya mama yangu, na nikishashukuru, nakaa.