Chura na Ndege

Nikifungua robota la makoti ya baridi hapa kwenye soko la nguo la Liuhua, ile harufu ya nailoni mpya hunipanda puani na nyayo zikaanza kuniwasha.

Siku ile ya utotoni mama alikuwa akichagua makoti kwenye duka moja humu humu, nami nimekaa juu ya marobota yaliyopangwa karibu na dari. Televisheni ya laoban, yule Mchina mwenye duka, ilionyesha mashindano ya dunia ya skii: watu wanateleza kwenye mlima wa theluji na mbao ndefu miguuni, kisha mlima unakatika, wao wanaendelea. Wa mwisho alikaa hewani mpaka mama akasahau koti mkononi.

"Huyo karuka!" alisema mama.

Laoban, aliyeokota Kiswahili kwa wateja, alikataa. "Kuruka, chura. Huyu ndege!"

"Kwani ndege naye si anaruka?"

"Chura, ndege, neno moja? Meiyou! Hakuna!" Akanigeukia mimi niamue.

Nilisimama, nikainama mbele, mikono nyuma kama yule wa kwenye skii, nikajiachia. Duka zima lilipita chini yangu. Nilitua kifudifudi kwenye lundo la makoti, moja likapasuka, manyoya meupe ya bata yaliyojazwa ndani yakatanda hewani.

Nilingoja kofi. Mama akashika kiuno, akamkabili laoban.

"Haya sema, mwanangu kafanya nini?"

Laoban alikuwa akitoa manyoya kwenye nyusi. "Karuka."

"Chura au ndege?" Mama hakumwachia.

"Ndege."