Tulimkata Mshahara Kabla ya Kumsikiliza

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ingawa ningefurahi kama ningeisahau. Nilikuwa karani wa mishahara, binti mwenye miaka miwili tu kazini, katika ofisi moja ya serikali upande wa Biharamulo ambayo jina lake sitalitaja. Mlangoni pangu akasimama mama mzee, viatu vyake vya plastiki vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa ametoka Kanazi, kwetu Ngara, kwa lifti ya lori lililotokea Rusumo. Lakini kabla sijakwambia alichotaka, acha nikueleze nilichokuwa nimetenda, maana mkosaji ni mimi.

Mwanawe, Festo, alikuwa bwana mifugo. Alikuwa amepewa masurufu, yaani fedha ya kazi, akachanje ng'ombe vijijini. Utaratibu unajulikana: ukirudi unaleta risiti za ulichotumia, usipoleta, fedha ile inageuka deni lako kwa serikali. Festo alileta risiti zake siku ya pili tu baada ya kurudi, zimefungwa vizuri kwa rababendi. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Nikamwambia, "Ziache hapo, nitaziingiza." Sikumpa hata kikaratasi cha kuonyesha kwamba nimezipokea. Nikazitupia kwenye droo, nikasahau.

Miezi ikapita. Wakaguzi wakakaribia kuja, na mkuu wangu, mhasibu wa ofisi, akataka orodha ya wote wasiorejesha masurufu. Jina la Festo likawamo. Nikauliza kama tuwaandikie barua kwanza. Mkuu akacheka.

"Barua ya nini? Kata tu. Mwenye malalamiko atakuja mwenyewe."

Tukakata. Na hatukukata kidogo kidogo, mwanangu. Tulikomba mshahara wa yule baba mpaka kilichobaki kikawa cha chumvi na sabuni.

Festo alikuja, naam. Alikuja mara tatu. Mara mbili aliambiwa mkuu hayupo, akakaa kwenye benchi mpaka jioni. Mara ya tatu alinikabili mimi. "Dada Leokadia, risiti si nilikupa wewe mwenyewe?" Nikamjibu bila hata kuinua uso, "Bwana Festo, kila anayedaiwa husema hivyo." Neno hilo nililisema kwa mdomo huu huu ninaokuonya nao leo. Hakuja tena.

Ndipo akaja mama yake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akatoa hati ya mshahara ya mwanawe iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee hii kalatasi," alisema, kwa Kiswahili cha kwetu ambamo r na l hazigombani. "Mimi sikusoma."

Nikamsomea. Mshahara, kiasi hiki. Makato ya deni la serikali, kiasi hiki. Kilichobaki, kiasi hiki. Akauliza kwa upole kabisa, "Na mlipomwuliza, yeye alisemaje?"

Nikajifanya napanga karatasi mezani.

"Binti, nauliza. Alisemaje?"

"Hakuulizwa, mama."

Hakupandisha sauti. "Kwetu hata mwizi wa mbuzi anaulizwa kabla ya kufungwa kamba. Ninyi mmesoma, mna kalamu na mihuri, mnamfunga mtu kwanza! Mjukuu wangu yuko chuo cha ualimu, walisema wanamfukuza kwa kukosa ada. Festo ameuza shamba la migomba aliloachiwa na baba yake. Lile shamba ndilo lililotulisha sote." Akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akaondoka. Hata maji niliyomkaribisha hakunywa.

Mwanangu, niliifunga ile ofisi nikapekua droo, nikapekua kabati. Risiti nilizikuta chini ya madaftari ya zamani, rababendi imekauka na kukatika. Zilitimia zote. Nikazipeleka kwa mkuu, nikidhani atashtuka. Unajua aliniambia nini?

"Ukizitoa leo, mimi na wewe ndio tutakaoonekana wazembe. Umebaki mwezi mmoja, deni litakwisha lenyewe. Nyamaza."

Deni! Deni gani? Mtu alifanya kazi ya watu, akarudisha hesabu, halafu tunamla mshahara ili sisi tusionekane wazembe! Mkuki kwa nguruwe. Mshahara wa mkuu ulipochelewa siku nne tu, ofisi nzima haikukalika.

Sikunyamaza. Niliandika barua, nikakiri kosa langu kwa jina langu, nikaipeleka kwa wakubwa wake bila kupitia kwake. Makato yakasimama, na baada ya kuzungushwa sana Festo akarudishiwa fedha yake. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na cheo changu kikakaa palepale kwa miaka. Mkuu alistaafu kwa shangwe, akaagwa kwa mbuzi wa kuchoma.

Lakini maji yaliyomwagika hayazoleki. Festo alibeba fedha ile mpaka kwa aliyenunua shamba, akamsihi. Yule akakataa, migomba ilikuwa imeshaanza kumlipa. Nilikwenda Kanazi kumwomba mama yule radhi. Alinisamehe, tena alinipikia. Ndizi alizonipikia alikuwa amezinunua sokoni, naye mwenyewe aliniambia hivyo, si kwa kunisuta, ila kwa kuwa nilikuwa nimeuliza mbona mkungu mdogo. Nilizila mpaka ya mwisho.

Sasa nimestaafu, nalima kahawa yangu hapa Mugoma. Juzi binti mmoja muuguzi kanionyesha hati yake kwenye simu, makato asiyoyajua yamemla nusu na zaidi. Alipouliza ofisini akaambiwa, "Mfumo ndio umekata." Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi wa mchana. Mfumo una mkono? Yupo mtu aliyeubonyeza, na ana jina!

Nisikilize, mwanangu, wewe uliyepata barua ya ajira mwaka huu. Dawa ya deni ni kulipa, na serikali ina haki ya kudai chake kwa mtumishi wake, sipingi. Lakini mtu aandikiwe kwanza, aambiwe ni deni gani na limetokana na nini, apewe nafasi ya kujieleza. Likithibitika, akatwe kwa kiasi, abakiwe na theluthi ya mshahara wake kama tulivyofundishwa sote, kwa sababu nyuma ya mshahara kuna sufuria. Ukipeleka risiti, usitoke pale bila sahihi ya aliyepokea, hata kama ni rafiki yako. Ukikatwa bila kuelezwa, andika barua, weka nakala, usichoke kama Festo alivyochoshwa. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kalamu, ukagundua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Aibu yako itapona. Shamba la mtu haliponi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe kazi isiyokukosesha usingizi na riziki isiyo na chozi la mtu ndani yake. Uzeeke vizuri, na wale walioishi kwa kalamu yako wakikukuta njiani wavuke barabara kuja kukusalimia.